Jina Langu kwenye Nyumba ya Mama

Bwana ni mwema, ndugu zangu! Nimekuja kushuhudia jinsi alivyonifungua, mimi niliyedhani aliyefungwa ni mwingine.

Mama yangu ni mjane, amepita miaka sabini. Anaishi hapa Mwankoko, katika nyumba ambayo matofali yake aliyafyatua yeye na marehemu baba. Kila akinunua umeme, kodi ya jengo hukatwa kwanza. Alikaa miezi kadhaa Kinyangiri akimuuguza dada yake, deni la kodi likalundikana. Aliporudi, fedha ya kuku wawili ilimpatia umeme wa siku chache tu. Akaanza kusema atahamia huko huko Kinyangiri, asiwe mzigo.

Mimi hupenda kusoma kanuni. Nilisoma kwamba mzee wa miaka sitini na kuendelea husamehewa kodi ya nyumba yake anayoishi. Nikapeleka maombi ofisi ya kodi. Yakakataliwa! Nikapeleka tena. Afisa akaniuliza, "Kaka, una miaka sitini?"

"Arobaini na tisa."

"Basi rudi ukizeeka."

Ndugu zangu, nilifunga siku tatu nikimwomba Mungu amwondoe mtu yule ofisini!

Siku ya tatu nilizisoma karatasi upya, mstari kwa mstari. Penye jina la mmiliki paliandikwa jina langu. Baba alipofariki ukoo ulikaa, ukaniandika mimi kwa kuwa ni mwana wa kwanza. Ndivyo tunavyofanya, na mjane hubaki ndani kwa hisani. Nilisaini, tena kwa furaha. Afisa hakuwa na kosa.

Nikamwambia baba mdogo nyumba irudi kwa mama. Akacheka. "Wewe msomi wa vitabu vya kuazima, unampa mwanamke nyumba ya ukoo ili ukwepe kodi?"

Neno hilo lilinichoma, maana kweli nilianzia kwenye kodi. Nikajibu, "Hapana, baba. Ni yake."

Kikao kikaitishwa. Safari hii mama aliulizwa. Akasema, "Matofali niliyabeba nikiwa na mimba ya huyu. Leo ndiyo mnauliza mwenye nyumba?" Baba mdogo akaomba kalamu asaini.

Msamaha umetoka kwa jina la mama, na hahami tena. Utukufu kwa Mungu!

Ndugu yangu unayelia mbele za Bwana kwa sababu ya mtu fulani, mtumaini. Atakujibu. Lakini akikuonyesha saini yako mwenyewe, usigeuze uso. Mimi niliitazama, na leo niko huru. Amina!