Mtani Aliponinyang'anya Tarumbeta Makaburini

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Shikamooni wazee wangu. Wa Masasi nawasalimu, na ninyi mlioshuka kutoka Newala na vumbi lile nawasalimu mara mbili. Naitwa Eunice, mpiga tarumbeta. Nasimama leo kushuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa na woga wa kusimama mbele za watu. Mkiona nimesimama hapa bila kushika ukuta, mjue kazi imefanyika.

Nilisoma chuo cha sanaa huko pwani. Aliyenipeleka ni mjomba, na mnajua mjomba kwetu ni nani: baba akikukasirikia unaweza kulala, mjomba akikukasirikia ukoo mzima haulali. Nilisoma nota, nilisoma pumzi, nilisoma hata namna ya kukaza midomo. Nikiwa peke yangu, tarumbeta lilikuwa linaimba. Akitokea mtu hata mmoja, midomo inakauka, magoti yanagongana, na sauti inayotoka ni ya mlango wa stoo. Siku ya mtihani niliwapa walimu mgongo, nikapiga nikiutazama ukuta. Wakanong'ona, wakasema huo ni ubunifu, wakanifaulisha. Mimi nilijua ni woga, na Mungu naye alijua.

Nikarudi Newala kutafuta riziki ya muziki. Nilikaa kwa bibi, mama yake mjomba. Kila asubuhi naingia kwenye mikorosho yake napiga huko, na nawaambieni kweli, ile mikorosho imesikia muziki mzuri kuliko watu wote wa wilaya. Bibi alikuwa anakaa nyuma ya nyumba anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, anajifanya hasikilizi, maana alijua akigeuza shingo tu nitanyamaza.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Nanganga. Nilitakiwa kumwongoza bibi harusi kutoka barabarani hadi kwao. Nikainua tarumbeta, nikayaona macho ya watu, nikapuliza. Mbuzi waliofungwa uani wakaitikia wote. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamshuka, na mama yake akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe kaa ule tu." Nikala. Pilau ilikuwa nzuri, ila niliila nikilia.

Ndugu zangu, nilifunga na kuomba. Mzee mmoja wa kanisa akanishauri niwaone watu kama magunia ya korosho. Nikajaribu siku ya shukrani ya mavuno, hapa hapa mnaponiona. Magunia niliyaona kweli, lakini yote yalikuwa yananitazama. Nikaomba ruhusa ya kutoka nje kidogo, sikurudi.

Mjomba akachoka. Akaja kwa bibi, hata maji hakunywa, akasema, "Mpwa wangu, muziki gani huu wa kujificha? Msimu wa korosho ukianza unakwenda Tandahimba kukaa dukani kwangu, na hilo tarumbeta nampa mtu atakayelipiga." Alisema kweli. Usiku huo niliumia sana. Kitu kimoja nilichokipenda duniani kilikuwa kinaondoka mikononi mwangu, na mwenye kukiondoa nilikuwa mimi mwenyewe.

Kabla ya msimu kuanza, bibi akafariki. Aliacha agizo moja tu: "Eunice anipigie kaburini." Nilimpenda bibi yangu, lakini nilipoambiwa hivyo nilimkasirikia, nikamwomba Mungu anisamehe huku nikiendelea kukasirika.

Makaburini watu walijaa, Wakristo na Waislamu, maana bibi alikuwa wa wote. Kasisi akamaliza sala, akanitazama. Mjomba akanitazama. Nikapuliza, ikatoka pumzi tupu. Nikarudia, pumzi tupu. Nikamsikia mjomba anaguna, nikajua Tandahimba inaniita.

Hapo ndipo alipotokea Mama Hadija. Ni Myao wa Chiungutwa, mtani wa ukoo wetu, na kwa wasiokulia huku niseme: msibani mtani ana ruhusa ambayo hata kasisi hana. Anaweza kuingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Mama Hadija alishaingia, alishapewa kuku wake, tukadhani amemaliza. Akaja akaninyang'anya tarumbeta, akanivua na kilemba akajifunga yeye. Kisha akawageukia wafiwa, akaniigiza. Magoti yakagongana. Macho yakamtoka. Akajilamba midomo kama mbuzi aliyeonja chumvi. Akawapa watu mgongo, akavimbisha mashavu, ikatoka sauti ambayo siwezi kuirudia mbele ya madhabahu.

Ndugu zangu, msiba ulivunjika mbavu! Kasisi alijificha nyuma ya kitabu cha sala, na kitabu kikawa kinatikisika. Mjomba alishikilia mti. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo wa kaburi la bibi yangu. Mama Hadija akanisimamia kichwani, akasema, "Haya mtani, piga. Usipopiga naondoka nalo. Nyumbani sina faneli ya kumiminia mafuta ya taa."

Nikainuka. Nikayatazama macho yale yale, nikautafuta woga nisiuone. Ungetoka wapi? Yote niliyoogopa watu wasiyaone, walikwisha kuyaona, wakayacheka, na bado walikuwa wamesimama pale wananingoja. Nikapiga. Sauti ya kwanza ilikwaruza, Mama Hadija akanyoosha mkono kudai faneli yake, watu wakacheka tena, nikaendelea. Nikampigia bibi wimbo mzima, beti zote, mpaka waliokuwa wanafukia wakasimamisha majembe. Nilikuwa nalia na kupiga kwa pamoja, jambo ambalo chuoni walituambia haliwezekani.

Jioni mjomba akaniita. Akakohoa, akatazama pembeni, akasema, "Dukani nitatafuta mtu mwingine."

Basi namshukuru Mungu. Msimu huu harusi zimekuwa nyingi, nimepiga mpaka midomo imevimba, na mbuzi sasa wananisikiliza kwa adabu. Namshukuru mjomba. Namshukuru na Mama Hadija, yule pale nyuma, Mwislamu aliyekubali kuja kanisani ili ahakikishe simzushii. Nilikuwa naomba nitumiwe malaika. Mungu akanitumia mtani.

Na wewe ndugu yangu unayeimba jikoni tu, milango ukiwa umeifunga, nakujua. Mwamini Mungu uje. Usingoje magoti yatulie, ya kwangu yanagongana hata sasa, ni kwamba gauni ni refu. Tukikucheka, tutakucheka sisi ndugu zako, na tutakungoja umalize. Nitaanza kupiga, taratibu. Wewe tembea uje hapa mbele, na ukifika, ingia kwa sauti yoyote uliyo nayo.