Shukrani za Wakimbizi wa Hirvikoski, na Ombi kwa Ajili ya Leopold

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Msaidizi wa Gavana. Na ninyi majirani zetu wa lugha zote mbili, Kifini na Kiswidi:

KARIBU
Sisi wakimbizi wa Kiyahudi tunaoishi Hirvikoski tunakukaribisha kwa mikono miwili, na tunashukuru umefika leo Ijumaa. Jumatatu mwenzetu Leopold Wolfsohn, fundi viatu, ameamriwa aripoti polisi Helsinki. Anayekusomea risala hii ni mkewe, Gerta. Mvumilie sauti ikikwama.

TULIKOTOKA
Tuliingia Finlandi kutoka Viena mwaka 1938, tukiwakimbia Wanazi. Meli iliyofuata yetu ilirudishwa na abiria wake, dada yake Leopold akiwamo. Tulipouliza sababu, wanaosema Kifini walituambia wakubwa wanaosema Kiswidi wanahofia biashara zao. Wanaosema Kiswidi wakatuambia ni Wafini wasiopenda wageni. Kila upande ulitusikitikia sana, na mlango ukabaki umefungwa. Hatulaumu, sisi tulikuwa tumeshaingia.

MAFANIKIO
Hapa kijijini watu huoga bafu la mvuke Jumamosi, nasi siku hiyo dini haituruhusu kuwasha moto. Tulipokataa mwaliko wa kwanza, watu walinuna wakidhani tunaringa. Mama Hilja Takkunen ndiye aliyekuja mlangoni kuuliza. Alipoelezwa, akasema, "Basi, wanangu, mtaoga Ijumaa. Jasho halina dini."

Bwana Axel Sjöblad, msema Kiswidi, alikuwa hasalimiani na Mama Hilja, msema Kifini, tangu ugomvi wa lugha ya shule. Aliposikia habari hiyo, akaja na mkokoteni wa kuni. "Zako mbichi, Hilja," alimwambia. "Utawafukiza hawa wageni wa watu."

Tangu hapo wanazozana kila wiki, nasi tunatakata. Tunawapenda wote wawili, na viatu vyao anavitengeneza Leopold.

CHANGAMOTO
Wapo wengine walioitwa kama Leopold, wakaenda na sanduku mojamoja. Hawajarudi. Kila ofisi tunayouliza hutuelekeza ofisi nyingine, kwa adabu kabisa. Gerta hupanga nguo za mumewe sandukuni, kisha huzitoa. Anaogopa, na sisi sote tunaogopa.

OMBI
Leopold abaki hapa. La pili hatuna.

Tunaomba utujibu leo, mbele ya majirani, kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Neno la kukataa tumekwisha kulijua kwa zote.

Mungu akulinde njiani, aibariki na nchi hii iliyotupa mkate.

Ni sisi,
Wakimbizi wa Kiyahudi wa Hirvikoski,
vuli ya 1942.