Pampu Mbili za Injini ya Baba Yenu

Sogeeni, wanangu, kila mmoja upande wake wa kitanda kama mlivyozoea siku hizi, na mnisikilize mpaka mwisho, maana sauti hii ikikatika sijui kama itarudi. Rudishieni mlango kwanza. Yule jirani yetu ameshakuja kunijulia hali asubuhi na mchana, na mimi ndiye niliyemfundisha umbea, kwa hiyo namfahamu, ana masikio yanayopenya tofali.

Mambo ya vitu ni mafupi. Nyumba ni yenu wote wawili, wala haina pa kuigawa, choo chenyewe ni kimoja. Cherehani achukue mkwe wangu, mke wa Grisi, ambaye ameitamani tangu siku aliyoolewa akawa anajifanya anaifuta vumbi. Sahani za maua ni za dada mtu, Madamu, na asiulize ile moja ilivunjikia kichwani kwa nani. Hayo yamekwisha. Limebaki gari.

Gari la baba yenu liko pale bandani, injini imeshushwa, imekalishwa juu ya magogo, imefunguliwa kama mgonjwa ambaye daktari wake ametoka kwenda kula, na haifungwi kwa sababu nyinyi wawili mmeshindwa kukubaliana ifungwe wota pampu ipi. Kitu chenyewe hakizidi birika la chai. Kazi yake ni kusukuma maji yazunguke ili injini isichemke, basi. Nami nilidhani watu hugombania mashamba.

Grisi, kitindamimba wangu, wewe unaitaka ileile ya zamani kwa kuwa baba yako aliishika kwa mikono yake. Umeipeleka kwa fundi, ikatiwa beringi mpya na sili mpya ya kuzuia maji yasivuje, ukaipaka rangi ikang'aa. Lakini mkeo, na usimguse, nilimbana mwenyewe mpaka akasema, ameniambia kwamba uliijaza maji ukaiweka kwenye karai, na ulipoinama kuitazama ilikuwa inatoka jasho. Siyo kwenye sili. Ubavuni. Baba yako aliinywesha maji ya bomba miaka yote, na siku za shida hata ya mtaroni, kutu ikala chuma kutoka ndani. Ukaziba kwa gundi ya chuma, juu ukapiga rangi. Dada yako alikuwa hajui. Sasa anajua.

Usicheke, Madamu. Na yako naijua. Wewe uliweka kipande cha boksi kwenye uso wa injini, ukatoboa kwa msumari kila tundu la bolti, ukalibeba boksi lako kwenye maduka ya vipuri na kurudi na pampu mpya ya alumini inayolingana matundu yote. Ni nzuri, nimeipakata hapa kitandani kama mjukuu. Ila boksi halikukuonyesha mkanda unazungukia wapi. Mapanga ya kusukuma maji ndani ya pampu yako yamepindia upande mwingine, yalitengenezewa magari yaliyokuja baadaye ambayo mkanda huizungusha pampu kinyume. Ukiifunga itazunguka vizuri tu, maji yatazubaa ndani, na injini itachemka kabla hamjakata kona. Mdogo wako aliliona hilo siku ileile. Alikuja kunisimulia huku anacheka, nikamuuliza kwa nini basi hakwambii, akanijibu:

"Mama, namngoja aifunge mwenyewe."

Ndiyo, Grisi, nimesema. Ulidhani nitakwenda nalo kaburini?

Lakini na wewe usimwone dada yako mshamba. Baba yenu alikufundisha kuendesha miguu yako ikiwa haijafika kwenye breki, na huyu mkubwa wako, aliyeomba kabla yako, aliambiwa akasonge ugali. Amezeeka na lile jibu. Leo anataka ndani ya gari lile kiwemo kitu alichokileta yeye, hata kama ni pampu ya kusukuma maji tu, na wewe unataka baba asiondolewe hata bolti moja. Nawaona wote wawili, na sina la kuwafanya.

Kila mmoja amekuja kuninong'oneza kwa wakati wake, mama, amua wewe, ukisema wewe yataisha. Nikisema ya zamani, huyu atafunga mizigo. Nikisema mpya, yule ataacha kula kwangu. Na zote mbili ni mbovu. Ningekuwa na miguu ningekwenda dukani mwenyewe, nikamchosha muuza vipuri kwa maneno mpaka anitolee ya tatu, chuma kizima, mapanga yanayoelekea upande unaotakiwa. Sina miguu. Msalani kwenyewe napakatwa. Basi nendeni nyinyi, mzitie zote mbili kwenye kapu moja, na pale kaunta kila mtu ataje ubovu wa ile yake, ya mwenzake aiache.

Madamu anatazama dirisha. Grisi anatazama kucha.

Haya, nawabariki hivyohivyo mkiwa mmenuna, maana sina muda wa kuwangoja mtabasamu. Radhi yangu mnayo, nyote, sikumpunja yeyote. Mungu awape usingizi mzuri, awape wajukuu wenye maneno mengi, na siku ya kuugua kwenu awape mtu wa kugombana naye pembeni ya kitanda. Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Hiyo ni mvua? Ni mvua. Na bati la banda limetoboka pale juu ya injini, silinda ziko wazi. Nendeni mkaifunike. Turubai liko uvunguni mwa gari, ni zito, peke yako hulitandazi, upepo utakunyang'anya. Mmoja ashike huku, mwingine kule. Niacheni mimi, sitaloa. Nendeni, wanangu. Nendeni.

Mlango umelia. Vizuri.

Mbona nasikia ndara za mtu mmoja tu zikielekea bandani?