Dada Aliyelegeza Koo la Mbuzi

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, yule mwenye pumu na mdomo, na dada aliagiza nisome mimi, hadi mwisho, bila pumzi kunikatika, kwa hiyo mkiniona nimeshika kifua msikimbilie maji, huenda natafuta kicheko.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, akamaliza sekondari 1983 na shahada ya kemia 1987, na miaka yote hiyo alimwona mama akinichemshia majani ya uani kila nilipobanwa, nami nikaendelea kupiga filimbi kifuani vilevile, akabaki na swali moja, mbona majani haya hayamsaidii?

Tarehe 1 Septemba 1988 aliajiriwa maabara, akawa anapitia machinjioni alfajiri kuchukua makoo ya mbuzi, wachinjaji wakimtania, "Mama Koo, na nyama tumpe nani?", kisha anakata pete za msuli, anazitundika kwenye maji vuguvugu ya chumvi, anazikaza kwa dawa, anadondoshea flavonoidi, yaani kemikali za majani yale, na msuli, miaka mitatu, umekaza kama ngumi ya bondia.

Tarehe 6 Mei 1992 alikuwa akipasha maji ya majani pamoja na asidi, kazi ya dakika kumi, nikabanwa, akanikimbiza hospitali, akasahau jiko, na aliporudi yalikuwa yamechemka kwa saa tano nzima, ila kwa kuwa dada hakujua kutupa kitu aliyajaribu, na msuli ukalegea, ndipo akagundua kwamba asidi ilikuwa imeing'oa sukari iliyoganda kwenye kemikali ile, nayo kemikali ikawa kama mgeni aliyekwama mlangoni na sanduku, alipolitua tu, akapita, akaingia msulini.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1993 na fundi wa vioo vya maabara, maana alivivunja mno, wakajaliwa mabinti wawili, 1995 na 1998, na nilipoomba kikombe cha ugunduzi wake ninywe alinijibu, "Koo la mbuzi si kifua chako, bwege wewe, vuta dawa ya daktari."

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023, akatutoka tarehe 19 Juni 2024, akiwa na miaka sitini.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wenzake wa maabara, na wachinjaji, ambao leo wamekuja wameoga.

Dada, nimefika mwisho, na kifua hakijalia hata mara moja. Sasa pumzika wewe, kwa amani, kupumua niachie mimi.