Kikombe Kilichovuka Sirari Kila Juni

Bibi Selestina Wankyo anastaafu tarehe 30 Juni 1996, baada ya kuitumikia Bohari ya Ugavi ya Ukanda, Musoma, kwa miaka ishirini na saba. Aliajiriwa kama karani wa stoo, akawa msaidizi wa boharia, kisha boharia kamili. Katikati ya miaka hiyo alikuwa boharia wa bohari isiyo na kitu. Wanaojua kazi hii watakubali kwamba hakuna cheo kigumu kuliko hicho, maana kila asubuhi lazima ufungue kufuli tatu ili kuhakikisha kwamba kilichokuwa hakipo bado hakipo.

Hata hivyo, wengi waliokusanyika leo hawamfahamu kwa ajili ya sukari, ambayo wengine tuliiona kwa msimu kama kumbikumbi. Wanamfahamu kama Katibu wa Mashindano ya Kimataifa ya Sataranji ya Bohari, yanayofanyika kila Juni bila kukosa tangu mwaka 1973. Nchi ilikosa sabuni, ikakosa mafuta ya taa, ikakosa viberiti vya kuwashia taa ambazo hazikuwa na mafuta. Haikukosa mashindano haya hata mwaka mmoja.

Yalianza kwa ajali. Bwana Ogola, dereva wa lori kutoka Migori, Kenya, aliharibikiwa na gari mbele ya lango letu. Alipokuwa akingoja fundi, aliona ubao wa sataranji uliosahauliwa na meneja wa zamani, akakaa nao, akawafunga makarani watatu kabla ya chai ya saa nne. Meneja wa wakati huo, mtu aliyependa taarifa zenye uzito, aliandika makao makuu kwamba Bohari imekuwa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa. Makao makuu yakajibu kwa pongezi na kikombe, na tangu hapo kikombe kipya kila mwaka.

Neno "kimataifa" lilifungua milango. Mchezo wa kawaida wa wafanyakazi ulipaswa kuchezwa baada ya saa za kazi, kwa soda ya kila mtu mwenyewe. Mchezo wa kimataifa ulipewa ruhusa ya siku nzima, ukumbi, kreti za soda, na lori la kuwachukua wachezaji waliofuzu mchujo wa Bunda na Butiama, wakiwemo wale wa Mugeta waliokuwa wakifika na vumbi hadi kwenye kope. Sharti lilikuwa moja tu: awepo mtu wa nje. Kwa hiyo Bwana Ogola akawa anaalikwa kila mwaka, na Bibi Selestina, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika funguo za ukumbi, akawa Katibu.

Hapo ndipo ilipoingia desturi. Kwetu huku mgeni hafungwi siku aliyofika. Analetewa maji, anapewa kiti chenye mgongo, anasifiwa barabara aliyopita. Kumnyang'anya mfalme wake kabla hata vumbi halijamtoka viatuni ni utovu wa adabu ambao mama yako angeusikia hadi Butiama. Sasa, ruhusa ilikuwa ya siku moja. Bwana Ogola alifika na basi la asubuhi la siku hiyohiyo, akaondoka na la alfajiri iliyofuata. Kwa maneno mengine, hakuwa na siku nyingine ya kufungwa. Kikombe kilivuka mpaka pale Sirari kwenda Kenya mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, na taarifa ya mwaka ikaeleza kwamba tunaimarisha ujirani mwema.

Mwaka 1977 mpaka ulifungwa, na ujirani mwema ukasimama kidogo. Bibi Selestina alizunguka mkoa mzima akitafuta mgeni, akampata Bunda: fundi wa mitambo kutoka Bulgaria aliyekuwa akingojea spea za kinu cha pamba. Alizingojea kwa miaka saba. Hakuwa akijua kucheza, tukamfundisha, na alipojua tukaanza kufungwa naye. Kwa kuwa kila Juni alifika upya kutoka Bunda, alihesabika kuwa amewasili. Spea zilifika mwaka 1984, zikiwa za kinu cha aina nyingine, naye akarudi kwao na vikombe saba. Tunaamini huko kwao anahesabiwa kuwa mchezaji wa kutisha.

Haifai kuwalaumu wageni peke yao. Kete za kwanza zilipopotea, Bibi Selestina alimwagiza Hamduni, seremala wa Nyasura, atuchongee nyingine. Miongoni mwa kete kuna farasi, na Hamduni alikuwa hajawahi kumwona. Aliuliza ni mnyama wa namna gani, akaambiwa ni mkubwa, ana miguu minne, na ni mali ya mtu mwenye heshima. Akachonga ng'ombe wanne wazuri sana, wenye nundu na pembe. Tangu siku hiyo hakuna mchezaji wa mkoa huu aliyekubali ng'ombe wake aliwe. Watu walitoa ngome, walitoa malkia bila kupepesa jicho, lakini ng'ombe walimzungushia boma la askari wote wanane. Bwana Ogola, aliporudi baada ya mpaka kufunguliwa, aliliona jambo hilo kwa mchezo mmoja.

"Ukimtishia mtu wa huku ng'ombe," alisema, "anakupaga mwenyewe malkia, na anakushukuru."

Katika miaka ile ya bohari tupu, mashindano yalistawi kuliko wakati wowote. Meza zilipangwa mahali ambapo magunia ya sukari yalitakiwa kuwepo. Mwaka wa msako wa walanguzi, wakaguzi walivamia wakidhani wanaume wengi waliokaa kimya ndani ya godauni wanaficha kitu. Bibi Selestina aliwapitisha meza hadi meza. Mkuu wao aliuliza mali iko wapi. "Ndugu," alimjibu, "ungeikuta, hawa wangekuwa wanagombana, si wanacheza." Wakaguzi walikunywa soda, mmoja akabaki kucheza, akafungwa raundi ya kwanza. Hakuwa mgeni. Alikuwa wa Tarime.

Kisha likaja soko huria, na bidhaa zikarudi kwa kasi ya watu waliosahau kuaga. Mitumba ilishushwa, redio zikashushwa, sabuni za rangi tusizozijua zikashushwa, na wachezaji wakasukumwa mpaka kona ya nyuma, wakicheza wameegemea marobota. Mwaka 1994 Bohari iliuzwa kwa Bwana Muharami, mfanyabiashara wa malori anayeishi Manyamanyama. Hakumfukuza mtu. Alizunguka, akahesabu nguzo, akauliza kona ile ina kazi gani. Alipoelezwa, akauliza swali ambalo katika miaka ishirini na moja hakuna meneja aliyewahi kuliuliza: nani huwa anashinda?

Alivumilia mwaka mmoja. Juni iliyofuata, kikombe kilipovuka tena, alimwita Katibu.

"Mama Selestina, mimi nimenunua bohari, sijanunua kiwanda cha kupeleka vikombe Kenya. Mwakani kikibaki hapa, kona ni yenu, ninaweka hata feni. Kikiondoka, naweka chumvi."

"Baba, kwani chumvi imekosa pa kukaa?"

"Chumvi inalipaga, mama. Ng'ombe wenu wa mbao hawalipi."

Basi mwaka wa mwisho wa Bibi Selestina kazini ukawa mwaka wa kuamua ataacha nini nyuma yake: meza au magunia ya chumvi. Hilo halikuwa jambo dogo. Hana shamba lenye jina lake wala barabara yenye jina lake. Ana kona moja ya godauni ambako watu wa Musoma, Bunda na Butiama wamekuwa wakikaa wakiangaliana machoni bila kuuziana chochote. Lakini kuiokoa kona hiyo kulimaanisha kumwangusha hadharani mzee ambaye amempa kiti chenye mgongo kwa karibu robo karne. Bwana Ogola siku hizi haendeshi tena lori. Mkewe ameshatangulia mbele ya haki. Tunavyojua, Juni ya Musoma ndiyo safari pekee aliyobaki nayo.

Bibi Selestina alijaribu kwanza njia ya ungwana. Aliomba ruhusa ya siku mbili, akamwita mgeni afike Jumamosi ili michezo iwe Jumapili, mgeni akiwa ameshalala na kula. Haikusaidia. Asubuhi ya tarehe 9 Juni, mwalimu mstaafu Silasi, bingwa wa Butiama, alikuwa amebakiza hatua moja kumfungia Ogola mfalme. Mkono wake ulifika hewani, ukarudi, ukasogeza askari asiye na maana. Alipoulizwa baadaye alisema mgeni alilala hotelini, hivyo hapa ukumbini alikuwa amefika leo. Bwana Muharami, aliyekuja na kiti chake kabisa, alisimama.

"Nimeona," alisema. "Jumatatu lori la chumvi linashusha."

Fainali ilibaki alasiri: Bwana Ogola na Enoka, fundi baiskeli wa Bunda, kijana mwenye mdomo mrefu ambao huwa unafupika mara mgeni anapokaa mbele yake. Wakati wa chakula ulifika. Bibi Selestina hakula. Alimtazama Bwana Ogola, aliyekaa peke yake kwenye meza ya mgeni, yenye kitambaa, akila paja la kuku wakati sisi wengine tulikuwa tukigombania samaki mmoja wa sato na kucheka. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko ulivyo ustaarabu. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya marobota, akarudi na ndoo.

Bomba la Bohari lilikuwa kavu, kama kawaida, na maji ya kuoshea vyombo yalichotwa ziwani. Kazi hiyo hupewa mtu wa nyumbani. Katika mkoa huu mzima hakuna mtu aliyewahi kumpa mgeni ndoo.

"We Ogola," alisema. Hakusema Bwana, hakusema mgeni wetu. "Vyombo vinatungoja. Kachote maji."

Silasi alifunika uso kwa mikono miwili. Enoka aliinuka akitaka kuichukua ndoo, Bibi Selestina akamkalisha kwa jicho.

Bwana Ogola aliweka paja la kuku sahanini. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kitambaa cha meza ya mgeni. Alichukua ndoo, akatoka. Mwandishi wa wasifu huu, aliyeletwa Musoma kwa uhamisho wa muda mwaka 1969 na bado anasubiri barua ya kurudi Pangani, alimfuata kwa macho mpaka ziwani, na anakiri kwamba alimwonea wivu: yeye hajawahi kupewa ndoo.

Alirudi bega limelowa, akaitua ndoo kwa kishindo.

"Ndoo yenu inavuja," alisema. "Na njia yenyewe imejaa miiba. Miaka yote hii mnanikalisha kwenye kitambaa na soda ya moto, nikawa nadhani hapa mnaishi vizuri!"

"Nani alikudanganya?" alisema Bibi Selestina.

"Nyie. Kila Juni mnaniacha nishinde, mnapiga makofi, mnanipandisha basi. Mnafikiri mimi ni mjinga? Nyumbani nina vikombe kabati zima, na hakuna hata kimoja nilichopigania. Ningekataa ningekuwa sina adabu. Ningeacha kuja, ningeenda wapi?" Alimgeukia Enoka. "Kaa chini, fundi spoku. Huyo ng'ombe wako leo namla na mchuzi."

Enoka alivuta kiti kwenye ubao. Kisha mdomo ukarefuka tena.

"Mzee, kama umechota maji wewe ni wa hapahapa, na wa hapa mimi nawafungaga mpaka wanaita mama zao. Shika kete."

Hatujawahi kuona mchezo kama ule. Ogola alitishia ng'ombe kama kawaida yake. Enoka alimtazama mnyama yule wa Hamduni, akalamba midomo, akamwacha aliwe. Mtu wa Mugeta alipiga yowe kama aliyeibiwa zizini. Lakini malkia wa Enoka alikuwa bado hai, ngome zote zilikuwa hai, na mzee wa watu, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kukutana na malkia wa Tanzania mwenye nia mbaya, hakujua la kufanya naye. Mfalme wake alifungiwa pembeni, katikati ya askari wake mwenyewe.

Bwana Muharami alikitoa kikombe kwa mikono yake, akasema chumvi itakaa Bunda. Feni imeshafungwa. Haina umeme bado, lakini imefungwa.

Basi la alfajiri la Sirari liliondoka Jumatatu bila Bwana Ogola. Saa tatu tulimkuta kona ya nyuma na Enoka, kete zimepangwa upya, anadai kwamba mchezo wa jana ulikuwa na mkono wa wizi, kwamba meza ilitikiswa, kwamba lazima urudiwe, na kwamba Enoka ni mwongo tangu tumboni. Alikuwa anapiga meza. Mgeni hagombani hivyo. Bibi Selestina, ambaye alikuwa akikabidhi funguo kwa boharia mpya, aliwapitia akiwa na karatasi zake, akawaambia wapunguze kelele, watu wana kazi.

Mama Selestina, kwa niaba ya wafanyakazi wa Bohari, na ya wachezaji wa Musoma, Bunda na Butiama, na ya mmoja wa Migori ambaye bado anabisha, tunakushukuru. Ulitunza kisichokuwepo mpaka kikarudi, na kilichokuwepo hukukiacha kipotee. Uende nyumbani Butiama salama, ulale mpaka jua likuchoke, na maisha yako huko yawe mema kama tunavyokutakia.