Gatimu wa Kamera na Kadi Isiyofutwa

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, epua chai kwanza kabla haijamwagika, halafu uketi. Leo sitacheza wimbo wowote katika kipindi hiki. Mtajua kwa nini.

Leo tunamkumbuka Gatimu. Gatimu wa kamera. Gatimu wa Karatina, ghorofa ya kwanza, mkabala na soko. Alifariki Jumatano ya wiki iliyopita hospitalini mjini Nyeri, baada ya kuugua figo kwa miezi saba. Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Tulimzika jana kijijini kwao, karibu na Kiganjo. Mimi Ngendo nilikuwa pale, na matope ya pale bado yako kwenye viatu vyangu.

Kama uliwahi kuoa, kupeleka mahari au kuzika mzazi katika miji yetu hii ya mlimani, huenda Gatimu yuko nyumbani kwako, ndani ya kabati la televisheni. Alirekodi harusi yangu pia. Katika video yangu njiwa saba weupe wanaruka juu ya madhabahu. Kanisani hakukuwa na njiwa hata mmoja. Nilipomuuliza, alinijibu bila aibu, "Ngendo, harusi bila njiwa ni mkutano." Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alipenda kuongeza. Wimbo, maua, machozi yanayoanguka polepole. Na kila kazi alifanya na mke wake, Murugi. Yeye kamera ya kwanza, Murugi kamera ya pili.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo maisha yake yalipogeuka.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, siku ya Alhamisi, Gatimu alikuwa akitoka Nanyuki kurekodi mahari. Akapita kando ya shamba moja kubwa ambalo sitalitaja. Kando ya shamba hilo kuna njia ya umma ya kwenda mtoni. Watu wameitumia tangu zamani, na mbuzi wao. Hapo akaona walinzi wa shamba wakimpiga kijana kwa rungu. Kijana huyo ni Guled, mfanyabiashara wa mbuzi. Kosa lake lilikuwa kupitisha mbuzi kwenye njia hiyo. Gatimu alitoa kamera akarekodi yote. Guled alivunjwa mguu. Mpaka leo anatembea na mkongojo.

Gatimu akarudi Karatina akafanya alichokijua. Aliweka wimbo wa huzuni. Akaweka maandishi mekundu. Lile rungu akalifanya lishuke polepole, kama bibi harusi anavyoshuka kwenye gari. Akaituma video hiyo mtandaoni. Watu elfu sitini waliitazama. Watu walilia mpaka ng'ambo. Mimi mwenyewe niliisambaza kwa makundi yote niliyo nayo.

Kisha kesi ikafika kortini. Wakili wa shamba akauliza, "Rungu linaloshuka polepole hivi ni la nchi gani?" Watu wakacheka. Guled hakucheka. Wakili akaendelea: hii imechezewa, tuleteeni ile ya kwanza, jinsi ilivyotoka kwenye kamera.

Haikuwepo. Wasikilizaji, kwa watu wa harusi, Ijumaa ni siku ya kufuta kadi. Kadi zote za kamera zinafutwa, kwa sababu Jumamosi kuna kazi. Na kadi ya Guled ilifutwa Ijumaa pamoja na nyingine. Gatimu alisimama mbele ya hakimu akasema, "Nilifuta mimi." Kesi ikatupwa. Watu elfu sitini walikuwa wamelia, na haikusaidia kitu.

Mtu mwingine angerudi kwa njiwa wake akanyamaza. Gatimu alienda Nanyuki. Bisharo, mama yake Guled, aliniambia jana pale makaburini: "Alikuja kwangu akaketi chini, akaomba kijana yangu msamaha. Mimi nikamwambia, sawa, maneno nimesikia. Lakini siku ingine nikikuita, utakuja? Akasema, mama, nitakuja."

Tangu hapo, kila Jumanne alasiri, alifunga biashara akafundisha watu kurekodi kwa simu. Wauza viazi, watu wa boda boda, wamama wa chama cha kuweka akiba. Nilienda siku moja. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wa hesabu. "Onyesha uko wapi kwanza. Mlima, kibao, kitu yoyote. Halafu nyamaza! Wewe ukiongea, tunasikia wewe, hatusikii yule anapigwa. Na uulize mwenye shida kama anataka sura yake ionekane, ati usijifanye unamsaidia na unamuuza. Na ukimaliza, usifute." Mama mmoja akauliza kama anaweza kuongeza kawimbo kidogo tu. Gatimu akamwambia, "Wimbo peleka harusi."

Mwaka jana mwezi wa tatu, Bisharo akampigia simu. Shamba lilikuwa limetangaza kwamba litafunga ile njia ya mtoni kwa ua. Wanawake saba walikuwa wameamua kwenda kuteka maji kama kawaida. Gatimu na Murugi wakaacha kazi ya mahari mezani wakaenda.

Nimeitazama video hiyo. Ina dakika kumi na moja. Haijakatwa popote. Mwanzoni unaona mlima, unaona kibao cha barabara, halafu kwa dakika tatu hakuna kinachotokea, wanawake wanatembea tu na mitungi. Halafu mbwa wa walinzi. Halafu rungu, na safari hii linashuka haraka, jinsi rungu linavyoshuka. Hakuna wimbo. Unasikia mitungi ikipasuka na Bisharo akisema, "Hii ni njia yetu. Hii ni njia yetu."

Gatimu hakuirekebisha hata nukta moja. Wanawake walikubali, akaituma mtandaoni jinsi ilivyo. Kadi yenyewe akaitia kwenye bahasha, akaifunga, Bisharo akaweka sahihi juu ya kifuniko. Bisharo amekaa nayo mwaka mzima ndani ya kopo la majani ya chai. Jana alikuja nayo mazishini, ndani ya mkoba wake. Hakutaka kuiacha nyumbani bila yeye hata kwa siku hiyo moja.

Kesi ya wanawake hao dhidi ya shamba ni Jumatatu ijayo. Na korti inataka aliyerekodi aje mwenyewe aseme, hii ni kazi ya mikono yangu. Sasa Gatimu tumemzika. Alipofariki wiki iliyopita, wanawake saba walikata tamaa, wakidhani hakuna mwingine anayeweza kuisemea video hiyo. Mpaka wakili wao alipoitazama video hadi mwisho kabisa.

Mwisho kabisa, Gatimu anageuza kamera. Unaona uso wake umejaa jasho. Anasema, "Mimi ni Gatimu wa Karatina. Leo ni tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Na mwenye ako na kamera ya pili ni bibi yangu. Sema jina." Sauti ya mwanamke inasema, "Si wewe unalijua?" Gatimu anasema, "Sema wewe mwenyewe." Yule mwanamke anasema neno moja. "Murugi."

Murugi ni shahidi. Alikuwa pale, alishika kamera, na kadi yake ya pili ipo.

Siku tatu kabla ya mazishi, mtu alifika nyumbani kwa Murugi na salamu za shamba. Alikuwa mpole sana. "Mama, wewe sasa ni mjane. Pumzika. Hayo maneno ya Nanyuki si yako." Murugi alimpa chai, akamsindikiza mpaka langoni.

Jana, watu walipokuwa wakiondoka, Murugi alinishika mkono. Akaniambia, "Ngendo, sema hii kwa redio. Kadi ya Guled, si Gatimu alifuta. Kufuta ilikuwa kazi yangu kila Ijumaa. Ni mimi. Alisema ni yeye mbele ya hakimu, na miaka hii yote hakuwahi niuliza. Hata siku moja." Nililia, wasikilizaji, siwezi kuwaficha. Nikamuuliza, na Jumatatu? Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kitu cha kipumbavu. "Nimeshapiga pasi nguo."

Kwa Murugi na watoto, kwa jamaa wote wa Kiganjo, kwa wafanyabiashara wa soko la Karatina: poleni sana. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki, tuangalie simu zetu leo. Yale tuliyoyaona na kuyasambaza na kuyalilia, tumeyahifadhi wapi? Nani atakuja kusema, nilikuwa pale?

Jumatatu saa tatu asubuhi, Bisharo atafika kortini na bahasha yake. Murugi atasimama, na hakimu atamuuliza jina. Safari hii hakuna wa kumhimiza. Atalisema mwenyewe.