Nani Amshike Mkono Mama Cherehani

Benchi la kijiwe liko nje ya kibanda cha Soli, fundi viatu, nalo limekaliwa na makalio yale yale hadi mbao zinawajua wenyewe. Ng'ambo ya barabara ni nyumba ya wazee, na dirisha la pili ni la mama yake Soli, Mama Cherehani, aliyeshonea mtaa mzima sare za shule kabla macho hayajamzimikia. Kesho ni kura. Asiyeona anaruhusiwa kuingia na msaidizi wa kumtilia alama. Basi jioni ile, kahawa mkononi, kijiwe kilikuwa kinamtafuta msaidizi.

— Mimi ndiye mwanawe, — Soli alisema huku akigongea kisigino. — Mjadala umefungwa.

— Umefungwa na nani? — Kinyozi alidakia. — Wewe utamtilia mgombea wako! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naenda mimi.

— Methali hiyo imeingiaje hapa?

— Imeingia kwa mlango, ikakukuta umekaa.

Breki, dereva mstaafu aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuzikanyaga, alicheka hadi kahawa ikamtokea puani.

— Twendeni wote! Mmoja ashike kalamu, wa pili amshike huyo mkono, wa tatu amlinde wa pili.

— Na wa tatu nani atamlinda?

— Askari!

— Bora tufunge kalamu kwenye cherehani yake, — Kinyozi alisema. — Mama akanyage tu, alama ijishone.

Wakacheka, na kicheko kikawarudisha mbali. Enzi zile, asubuhi ya kura, Mama Cherehani alipita akigonga madirisha kwa rula yake ya mbao: «Amkeni! Nchi haishonwi na waliolala!» Kwenye foleni aliwafunga vifungo, akawanyoosha kola, na mahasimu wakanywa maji kwa kikombe kimoja.

— Foleni zile, jamani, — Breki alisema taratibu. — Ulikuwa unaomba zisiishe.

— Siku hizi aliye mbele yako unamjua kisogo tu, — Kinyozi aliitikia.

Soli aliendelea kugongea kisigino. Tangu mama yake aingie nyumba ya wazee, yeye ndiye aliyemwamulia kila kitu: gauni, dawa, saa ya kulala. Kura aliiona kijiko kingine tu cha dawa.

Geti likalia. Mlezi mpya wa wazee, binti mmoja, akavuka barabara.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Mama kanituma. Kelele zenu anazisikia dirishani. Msaidizi anachagua mwenyewe, hachaguliwi na kijiwe.

— Kamchagua nani? — wakauliza kwa pamoja.

— Atasema mkishamjibu. Anauliza, siku aliyowapeleka kupiga kura ya kwanza, aliwaambia mumpigie nani?

Breki akachungulia kikombe, kama jibu limezama humo. Soli akajiona kijana, kola imembana, akimnong'oneza mama «Nimpigie nani?», na mama akamgeuzia mgongo, akatazama ukuta hadi mwanawe alipomaliza kutia alama.

— Nani sasa, wazee wangu? — binti akarudia. — Nikamwambie nini?

Soli aliweka nyundo chini, akavuka barabara mwenyewe. Mlangoni alivua kofia.

— Mama, — alisema, — kesho unataka kwenda na nani?